Kuandika historia ya klabu ya mtaa: mwaka wa kuanzishwa tunauthibitishaje?

Karani_Ilala

Habari za jioni wadau. Klabu yetu ya soka hapa Ilala, Dar es Salaam, ni ya ridhaa tangu ilipoanza. Imekuwa ikipanda na kushuka kati ya ligi ya wilaya na ya mkoa. Kamati imekubali tuandike historia yake wakati wazee wachache waliobaki bado wana nguvu ya kuzungumza, kisha tuchape kijitabu cha kugawa kwa wanachama.

Tumekwama ukurasa wa kwanza. Bango la ofisini linasema 1958. Katiba tuliyonayo imepigwa taipu na ina muhuri wa usajili wa 1974. Wazee wawili wanasema timu ilianza baada ya Uhuru, mwingine anashikilia kwamba ilikuwapo kabla. Wote wanakubali jambo moja tu: jina la sasa si la kwanza, na lile la kwanza lilikuwa la Kizungu.

Tulivyonavyo ni daftari moja la mihutasari lililoanza 1981 (kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa), bahasha ya risiti, picha kama arobaini na kombe moja ambalo maandishi yake hayasomeki. Naomba mwongozo: tuandike mwaka upi na kwa ushahidi gani, nyaraka za zamani tuzitafute ofisi zipi, na wazee tuwahoji vipi ili tusiishie kwenye ubishi.

---

Muhuri_wa_Bluu

Mkuu, usitafute mwaka mmoja. Klabu ya mtaa huwa na tarehe tatu: siku vijana walipokubaliana kuwa timu, siku ya mechi ya kwanza iliyoandikwa mahali, na siku ya usajili. Wazee wenu huenda wote wanasema kweli, ila kila mmoja ameshika tarehe yake. Fungua daftari, chora safu tatu, na kila ushahidi mnaoupata uwekeni kwenye safu yake. Mwaka wa bango mtauamua mwishoni.

Huo muhuri wa 1974 hauthibitishi kwamba klabu ilizaliwa mwaka huo. Baraza la Michezo la Taifa (BMT) liliundwa kwa Sheria Na. 12 ya 1967, ikarekebishwa 1971. Kabla ya hapo klabu ya mpira ilisajiliwa kama chama kingine chochote, kwa Msajili wa Vyama, chini ya Sheria ya Vyama ya 1954. Kwa hiyo klabu ya miaka ya hamsini iliyofuata taratibu ingekuwa na usajili mara mbili, na jalada mara mbili. Isomeni katiba ya 1974 kifungu kwa kifungu, hasa kifungu cha jina na kifungu cha mali. Maneno kama "zamani ikijulikana kama" au "itarithi mali na madeni ya" hujificha hapo. Tazameni pia orodha ya waliotia saini: kama mwenyekiti wa 1974 alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, na wachezaji hawamo, hiyo ni dalili kwamba kulikuwa na klabu ya kuongoza kabla ya karatasi hiyo.

Mahali pa kutafuta, kwa mpangilio ambao ningeufuata:

Anzeni kwa afisa michezo wa wilaya, kwa sababu maombi ya usajili hupitia kwake na nakala hubaki. Kisha BMT, kwa Msajili wa vyama vya michezo. Kisha chama cha soka cha wilaya na kile cha mkoa, DRFA, ambako mnatafuta ratiba za ligi, orodha za timu shiriki, fomu za usajili wa wachezaji na ripoti za makamisaa, yaani wasimamizi wa mechi. Ratiba moja yenye jina la klabu ina uzito kuliko simulizi tano.

Kama klabu iliwahi kumiliki nyumba au kiwanja, nendeni RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Mali ya klabu huwekwa chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, na jalada la wadhamini huwa na katiba ya wakati ule pamoja na muhtasari wa mkutano uliowachagua. Kabla ya RITA kazi hiyo ilikuwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu, kwa hiyo majalada ya zamani yana kichwa hicho. Watu wengi hulisahau jalada hili, na mara nyingi ndilo lililosalimika, kwa kuwa linahusu mali na hakuna aliyethubutu kulitupa.

Namna ya kuandika barua ni nusu ya kazi. Msiandike "tunaomba historia ya klabu yetu". Ofisi haina jalada linaloitwa historia, na barua ya namna hiyo huzunguka meza hadi ipotee. Andikeni "tunaomba kuona jalada la usajili Na. fulani la klabu fulani, ambayo zamani iliitwa hivi au hivi". Wekeni majina yote ya zamani na tahajia zake zote. Ambatisheni nakala ya cheti na muhtasari wa kikao kilichowaruhusu kutafuta, wenye saini za mwenyekiti na katibu. Pasipo muhtasari mtaulizwa nyinyi ni upande gani wa mgogoro, maana klabu nyingi zinazoomba majalada ya zamani huwa zinagombana.

Kitu kimoja kuhusu majalada ya halmashauri, kama mnatafuta kibali cha uwanja au mkataba wa kiwanja. Serikali za mitaa zilifutwa 1972 kwa mpango wa madaraka mikoani. Halmashauri za miji zilirudi 1978, za wilaya zikarudi 1984. Barua za kipindi cha kati haziko halmashauri, ziko kwenye majalada ya mkoa na wilaya. Na kwa Dar es Salaam mjue kwamba Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa 2021 na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Ulizeni majalada yalikwenda wapi kabla ya kukubali jibu la "hayapo".

---

Gazeti_la_Jumatatu

Naongezea upande wa magazeti, kwa sababu hapo ndipo tarehe ya pili ya mkuu Muhuri inapopatikana.

Kabla ya Uhuru tafuteni Mambo Leo, lililoanza 1923, Tanganyika Standard la tangu 1930, Mwafrika na Ngurumo la kuanzia 1959. Baada ya hapo Uhuru, lililoanza 1961, pamoja na The Nationalist na The Standard, ambayo yaliunganishwa Aprili 1972 yakawa Daily News. Mechi za wikiendi zilitoka Jumatatu, na toleo la Jumapili lina jina tofauti: Sunday News kwa Daily News, na Mzalendo kwa Uhuru kuanzia 1972. Ukiomba "Uhuru la Jumapili" ukaambiwa halipo, ni kwa sababu hiyo.

Yanasomwa wapi? Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina kitengo cha East Africana chenye magazeti yaliyojalidiwa. Maktaba Kuu iko barabara ya Bibi Titi Mohamed. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo Upanga, mtaa wa Vijibweni. Kwa Nyaraka, kanuni ya jumla ya Sheria Na. 3 ya 2002 ni kwamba jalada la serikali hufunguliwa kwa umma likitimiza miaka 30. Nendeni na penseli, maana kalamu ya wino haikaribishwi kwenye chumba cha kusomea.

Sasa mitego, na ni mingi.

Kwanza, majina ya klabu. Mfano unaojulikana na kila mtu ni Simba. Ilianza 1936, ikapitia majina ya Queens na Eagles, ikawa Sunderland, na jina la Simba likaja 1971. Ligi ya taifa ilipoanza 1965 bingwa alikuwa Sunderland. Mtu anayetafuta neno "Simba" kwenye gazeti la 1965 atakuta ukurasa mtupu na kuhitimisha kwamba klabu haikuwapo. Klabu za mtaani nazo zilibadili majina ya Kizungu miaka hiyohiyo. Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni kulipata lile jina la zamani na tahajia zake. Mwandishi wa gazeti la Kiingereza aliandika kwa sikio lake, mwandishi wa Kiswahili kwa lake.

Pili, viwanja. "Uwanja wa Taifa" kwenye gazeti la 1975 ni Uwanja wa Uhuru wa leo. Ule mkubwa wa jirani ulifunguliwa 2007 na ukapewa jina la Benjamin Mkapa 2020. "Uwanja wa Ilala" wa magazeti ya zamani ndio Karume, na jina la Karume haliwezi kutangulia kifo chake cha Aprili 1972. Simulizi ikisema mlicheza "Uwanja wa Karume" mwaka 1965, msiitupe, kwa kuwa mzee anatumia jina la leo kwa mahali pa zamani. Andikeni "Uwanja wa Ilala, sasa Karume".

Tatu, mitaa. Barabara ya Uhuru iliitwa Kichwele, na mtaa wa Lumumba uliitwa New Street. Anwani ya ofisi ya klabu kwenye barua isiyo na tarehe inaweza kuwapa kikomo cha mwaka.

Nne, na hapa watu huumia sana, madaraja ya ligi. "Daraja la Kwanza" la miaka ya themanini si Daraja la Kwanza mnalolijua. Ligi ya Muungano ilipoanza 1982, ligi ya juu ya Bara ilikuwa ikiitwa Ligi Daraja la Kwanza. Baadaye jina hilo likashuka kuwa la ngazi ya pili, ambayo sasa ni Championship. Tena kulikuwa na madaraja ya wilaya, ya mkoa na ya taifa kwa wakati mmoja. Mzee akisema "tulikuwa Daraja la Pili", swali linalofuata ni "la wilaya, la mkoa au la taifa, na mlicheza na timu zipi?" Majina ya wapinzani ndiyo yanayoonyesha ngazi. Nimeona vijitabu vinavyodai klabu ilicheza ligi ya taifa wakati wapinzani wote walioorodheshwa ni wa kata za jirani.

Kwenye mtandao, RSSSF, tovuti ya takwimu za soka, wana mabingwa wa Tanzania tangu 1965. Inafaa kuhakiki mambo ya ngazi ya juu, lakini ligi ya wilaya hamtaipata huko.

Ukikuta habari, piga picha tatu: ukurasa mzima, habari yenyewe kwa karibu, na kichwa cha gazeti chenye tarehe na namba ya toleo. Watu hupiga habari peke yake, wakifika nyumbani hawajui ilitoka gazeti gani.

---

Winga_wa_Zamani

Mimi natofautiana kidogo na Muhuri_wa_Bluu kuhusu kusubiri hadi mwisho. Kuna swali la kuamua mapema: je, klabu hii ilijitenga na nyingine? Mji wa Dar es Salaam umejaa klabu zilizozaliwa kwa kumegeka. Yanga ni ya 1935, mwaka uliofuata ikazaliwa ile iliyokuja kuwa Simba, na 1976 Yanga ikamegeka tena ikazaliwa Pan African. Pan haikudai 1935. Ilikuwa na katiba yake, uongozi wake na usajili wake.

Klabu za mtaani hazina nidhamu hiyo. Kundi linalotoka linabeba kombe na jezi, na linabeba mwaka pia. Linalobaki nalo lina mwaka uleule. Ndiyo maana unakuta klabu mbili za mtaa mmoja zote zinadai 1958.

Kipimo changu ni cha mambo manne: wachezaji wengi ni walewale, uwanja wa mazoezi ni uleule, rangi hazikubadilika, na uongozi ulikabidhiana kwa kikao. Matatu kati ya manne yakiwapo, ni klabu ileile iliyobadili jina, na mwaka wa zamani ni halali yenu. Yakiwa mawili au chini ya hapo, andikeni mwaka wenu wenyewe na muipe klabu mama aya yake ya heshima.

---

Muhuri_wa_Bluu

Winga, nakubali. Ningeongeza la tano: madeni. Klabu iliyolipa madeni ya ile ya zamani ndiyo mrithi wake. Risiti za kwenye bahasha ya mkuu Karani zisomwe kwa jicho hilo.

---

Karani_Ilala

Nashukuru sana wakuu. Katiba tumeisoma upya leo: kifungu cha mali kinataja "vifaa vyote vilivyokuwa vya timu ya awali", bila jina. Maswali mawili zaidi. Wazee tuwahoji pamoja au mmojammoja? Na je, picha isiyo na maandishi nyuma inaweza kupewa mwaka?

---

Kinasa_Sauti

Mmojammoja kwanza, halafu pamoja, na mpangilio huo usigeuzwe. Mkiwakalisha pamoja mara ya kwanza, aliyekuwa nahodha atasema mwaka na wengine watamheshimu. Mtatoka na ushahidi wa mtu mmoja uliotamkwa na watu watano. Kikao cha pamoja kifanyike baada ya kila mmoja kurekodiwa. Hapo mnaleta picha mezani na kuwaacha wasahihishane, nanyi mnaandika wamepishana wapi.

Swali la mwaka msilitangulize. Mtu hakumbuki namba, anakumbuka mambo. Anzeni na jezi: rangi gani, nani alizinunua, zilishonwa wapi. Nendeni kwenye nafasi: nani alikuwa golikipa, nani fulbeki, nani senta hafu. Mwacheni ataje kumi na moja kwa mpangilio wa uwanjani, kwa sababu akili huenda kwa nafasi kuliko kwa majina. Mzee anayetaja insaidi kulia na insaidi kushoto anawaeleza mpangilio wa zamani wa mafowadi watano, na hiyo peke yake inawarudisha nyuma sana.

Mwaka utafuteni kwa kuufunga kwenye tukio. Kabla au baada ya bendera kupandishwa Desemba 1961? Kabla au baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967? Alikuwa ameoa? Alikuwa darasa la ngapi? Akisema alimaliza darasa la nane, yuko kwenye mfumo uliokwisha miaka ya sitini. Kwa wapenzi wa mpira kuna alama nzuri zaidi: fainali ya Simba na Yanga ya 1974 uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Simba kuifunga Yanga sita bila Julai 1977, Taifa Stars kwenda Lagos kwa Kombe la Mataifa ya Afrika 1980. Mzee anaweza asijue alijiunga lini, lakini anajua kama siku ya zile sita alikuwa tayari amevaa jezi yenu.

Ramadhani ni saa ya uhakika kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa kuwa ndondo (mashindano ya mtaani) nyingi za pwani huchezwa mwezi huo. Mwaka wa Hijria unapungua siku kumi au kumi na moja kwa wa kawaida, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma na kuzunguka misimu yote kwa miaka thelathini na mbili hadi thelathini na mitatu. Ramadhani iliyoanza mwanzoni mwa Desemba ilikuwa ya 1967, kisha ya 1999. Basi mzee akisema walichukua kombe la ndondo Ramadhani ikiwa kwenye mvua za vuli, mna miaka michache tu ya kuchagua. Akisema ilikuwa katikati ya masika, miaka ya sitini yote imetoka.

Vitendea kazi: simu inatosha. Iwekeni kwenye hali ya ndege ili isikatizwe, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isipokee mtikisiko wa meza, umbali wa nusu mita kutoka mdomoni. Zimeni feni, maana ndiyo adui mkubwa wa rekodi za Dar es Salaam. Mwanzoni mtaje kwa sauti tarehe, mahali, jina la anayehojiwa na kwamba amekubali kurekodiwa na kuchapwa. Dakika arobaini na tano zinatosha kwa mkao mmoja, kwani baada ya saa moja mzee huchoka na kuanza kukubali kila unalouliza. Siku hiyohiyo nakilini faili mahali pawili, kisha mwandike majina yote yaliyotajwa na dakika yalipotajwa. Kunukuu neno kwa neno mahojiano yote hakuhitajiki.

Na akitaja aibu ya mtu, ulevi, wizi wa mapato ya getini, mimba, zimeni au msiichape. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Hata bila sheria, wajukuu wa huyo mtu wanaishi mtaa huohuo.

---

Fremu_na_Kioo

Kuhusu picha. Ndiyo, nyingi zinapangika bila maandishi.

Tazama kilicho nyuma ya wachezaji kabla ya kuwatazama wachezaji. Bendera au bango la CCM haliwezi kuwa kabla ya 5 Februari 1977. La TANU haliwezi kuwa la baadaye sana. Jukwaa la Uwanja wa Taifa wa zamani ni 1961 na kuendelea. Kwenye hati na mihuri, "Jamhuri ya Tanganyika" ni kati ya Desemba 1962 na Aprili 1964, na neno Tanzania lilianza Oktoba 1964. Risiti zenye shilingi ya Afrika Mashariki ni kabla ya shilingi yetu ya 1966. Geuza picha uangalie muhuri wa studio: anwani ya studio, hasa jina la mtaa la zamani, hupunguza miaka. Picha mbili zenye muhuri uleule na kingo za aina moja huenda zilisafishwa wakati mmoja.

Namna ya kuzitunza, kwa sababu hapa ndipo madhara hutokea:

Skani picha za saizi ya postikadi kwa dpi (nukta kwa inchi) 600, ndogo zaidi kwa 1200, karatasi za A4 kwa 300 hadi 400, na negativu kwa 2400 kwenda juu. Hifadhi nakala kuu kama TIFF, na JPEG iwe ya kutumiana. Skani na upande wa nyuma hata kama ni mtupu. Mkitumiana kwa WhatsApp tumeni kama "hati", kwa kuwa njia ya picha huibana faili na haitafaa kuchapwa.

Msiweke lamineti. Joto na gundi yake havitoki tena, na picha ikianza kubadilika rangi ndani hakuna la kufanya. Msitumie selotepu kuunga palipochanika. Majina nyuma yaandikwe kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza, kwani wino wa bolpeni hupenya mbele au huhamia kwenye picha inayofuata. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu msiibandue, uso wake utabaki kwenye kioo. Ipigeni picha kupitia kioo hichohicho, kivulini, kamera ikiwa imeinama kidogo kukwepa mwako.

Daftari la mchwa: msilianike juani, karatasi itajikunja na wino kufifia. Litoeni vumbi kwa brashi laini ya rangi, mkielekea nje kutoka kwenye mshono. Pigeni picha kila ukurasa kwa mfuatano, pamoja na mitupu na iliyoliwa, ili mfuatano wa kurasa ubaki na ushahidi. Kama kuna wadudu hai, na daftari ni kavu kabisa, litieni kwenye mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa bila hewa, kisha friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Likitoka, mfuko usifunguliwe kwa saa 24, la sivyo umande utaingia kwenye karatasi. Karatasi za faksi na risiti za mashine zinafifia zenyewe hata zikikaa kabatini. Nakilini hizo kwanza, leo kama inawezekana.

Kombe: msilisugue kwa dawa ya kung'arisha. Maandishi yamefutika kwa sababu ya miaka ya kusuguliwa hivyohivyo. Zimeni taa, elekezeni tochi kutoka ubavuni, karibu sambamba na uso wa kombe, mzunguke polepole. Mikwaruzo ya herufi hutoa kivuli. Au wekeni karatasi nyembamba juu na kupitisha penseli iliyolala. Angalieni chini ya kitako pia, na kama kitako cha mbao kina matundu mawili madogo au alama ya gundi, bamba la maandishi liling'olewa. Linaweza kuwa nyumbani kwa familia ya mwenyekiti wa wakati huo.

---

Karani_Ilala

Mkuu Fremu, kitako kina matundu mawili. Tutaulizia. Swali la mwisho: matokeo ya mechi. Gazeti na wazee wakipishana tunaandika lipi? Na hili la mwaka, tukikosa karatasi ya kabla ya 1974, bango tulifute?

---

Gazeti_la_Jumatatu

Kwa matokeo, gazeti la siku iliyofuata linashika nafasi ya kwanza, ripoti ya kamisaa ya pili kama ipo, mzee wa tatu. Isipokuwa kwenye wafungaji. Magazeti yalikosea wafungaji wa mechi ndogo mara kwa mara, kwa kuwa mwandishi alipokea taarifa kwa mtu wa getini au kwa simu. Kwenye wafungaji, wazee wawili waliohojiwa mbalimbali wakikubaliana, nawapa wao haki na kuweka jina la gazeti kwenye tanbihi.

Tengenezeni jedwali lenye safu hizi tangu siku ya kwanza: tarehe, mashindano na ngazi yake, mpinzani, uwanja kwa jina la wakati huo, matokeo, wafungaji, chanzo. Safu ya chanzo isibaki tupu hata mstari mmoja. Aliyesimulia aandikwe kwa jina na tarehe ya mahojiano. Tarehe iandikwe mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, ili kompyuta izipange zenyewe. Siku isiyojulikana ijazwe sifuri, msibuni tarehe ya kwanza ya mwezi, maana baada ya miaka miwili mtaiamini.

Mechi zilizoahirishwa au zilizoamuliwa mezani bila kuchezwa ziwe na mstari wake. Timu ya mtaa ilipewa pointi za mezani mara nyingi tu, na mkiandika 2–0 bila kueleza, msomaji atadhani mpira ulichezwa.

Kijitabu chenyewe: kurasa lazima zigawanyike kwa nne kama kitafungwa kwa pini katikati. Picha ziwe dpi 300 kwa ukubwa zitakaochapwa. ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Pelekeni nakala Maktaba Kuu, na nyingine chuo kikuu, hata kama mtachapa mia moja tu.

---

Winga_wa_Zamani

Kuhusu bango, msilifute. 1958 imetoka kwa mtu, na kazi ni kumjua huyo mtu. Nani alichora bango, mwaka gani, aliambiwa na nani? Mafundi wa mabango mtaani wanajulikana, na bango lina umri wake: kama ni la vinili ni la juzi, kama ni la bati lililochorwa kwa brashi ni la zamani zaidi. Kwenye daftari la 1981 tafuteni malipo ya fundi. Pia angalieni kama kuna sherehe za "miaka 25" zilizofanyika karibu 1983. Zikiwapo, basi mwaka 1958 ulikubaliwa na wanachama waliokuwa hai na waliocheza, na huo ni ushahidi mzito.

Kwenye kijitabu andikeni hivi, kwa maneno yenu: timu ilianza kucheza kabla ya usajili wa 1974, wanachama wamekuwa wakihesabu kutoka 1958, hati ya zamani kuliko zote iliyopo ni hii, ya tarehe hii. Sentensi tatu. Mwaka ujao mkipata kipande cha Ngurumo chenye lile jina la Kizungu, mnabadili sentensi ya tatu peke yake.

---

Muhuri_wa_Bluu

Na kabla ya kwenda BMT, mkuu Karani, piga picha huo muhuri wa 1974 kwa tochi ya pembeni kama alivyoeleza Fremu. Mihuri ya usajili huenda ikawa na namba ya jalada iliyoandikwa kwa mkono juu yake, ambayo huweza kufifia kabla ya wino wa muhuri wenyewe. Ukiipata namba hiyo, iweke kwenye mstari wa kwanza wa barua.